Jicho la Mbung'o na Hesabu ya Kutoa

Mtalii anayesimama juu ya gari katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kundi la punda milia likiwa mita 80 mbele yake, huona kila mlia waziwazi, na haupiti muda kabla hajajiuliza simba anadanganywaje na vazi linaloonekana kwa urahisi namna hiyo. Swali lake limesimama juu ya dhana ambayo hajaichunguza, kwamba simba naye anaiona milia hiyo. Mwaka 2016 kundi la watafiti, miongoni mwao Amanda Melin na Tim Caro, lilichapisha matokeo ya kazi iliyoanza na picha zilizopigwa Tanzania. Walizipitisha picha hizo katika vichujio vya kompyuta vilivyoigiza uwezo wa macho ya simba, ya fisi, ya punda milia mwenyewe na ya binadamu. Ikadhihirika kwamba mchana, kuanzia umbali wa mita 50 hivi, milia huanza kumpotea simba. Magharibi, mwanga unapofifia, humpotea kuanzia mita 30. Na usiku usio na mbalamwezi hakuna kati yao, binadamu akiwemo, anayeitambua vizuri kupita mita 9 hivi. Simba aliye mbali humwona punda milia kama mnyama wa kijivu tu, na akifika karibu kiasi cha kuiona milia, yamkini amekwisha kumsikia na kumnusa.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unalifichua kosa tunalolirudia kila tunapozungumza juu ya wanyama, yaani kulifanya jicho letu kuwa kipimo cha macho yote. Huulizwa ni mnyama gani anayeona vizuri zaidi, kana kwamba macho yote yana kazi moja na hutofautiana kwa ubora tu, mithili ya kamera za simu. Swali lenye manufaa, kwa maoni yangu, ni jingine: jicho la mnyama huyu linatupa nini, na linabakiza nini? Anayelipuuza swali hilo atajenga, atapaka rangi na atatega mitego kwa kufuata macho ambayo mnyama husika hana. Katika nchi zetu, ambako riziki za watu wengi zimefungamana na mifugo na wanyamapori, upuuzaji huo una gharama.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye ufinyu wa njia. Katika jicho moja la binadamu mna seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga, lakini neva inayobeba habari kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo ina nyuzi zipatazo milioni moja tu. Haiwezekani, basi, kila seli itume taarifa yake peke yake. Habari lazima ipunguzwe kabla haijatoka jichoni, na kazi hiyo hufanywa na retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ambao kwa asili ya ukuaji wake ni kipande cha ubongo kilichochomoza nje tangu mnyama akiwa kiinitete.

Namna upunguzaji huo unavyofanyika ilianza kueleweka kwa msaada wa mnyama wa kale wa baharini aitwaye Limulus, anayeishi pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini na mwenye gamba lililopinda kama kwato ya farasi. Haldan Keffer Hartline, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1967 pamoja na George Wald na Ragnar Granit, aliweza kuupima uzi mmoja mmoja wa neva ya jicho la mnyama huyu. Aliona kwamba kipokezi kimoja kikimulikwa hutuma mapigo ya umeme, lakini kipokezi cha jirani kikimulikwa pia, mapigo ya kile cha kwanza hupungua. Majirani hupunguziana. Ukuta mweupe wenye mwanga sawa kila mahali hauna ujumbe mkubwa wa kupeleka, kwa kuwa kila kipokezi kinapunguziwa na majirani zake kwa kiasi kilekile. Ila pale ukuta unapokutana na kivuli, kipokezi kilicho mpakani upande wa mwanga kina majirani wa gizani wasiokipunguzia sana, na sauti yake hupanda juu ya nyingine zote. Ndivyo ukingo unavyojitokeza. Jicho limetoa yaliyo sawa, likabakiza tofauti. Mwaka 1953 Stephen Kuffler alionyesha kanuni ya namna hiyohiyo katika retina ya paka, ambamo seli zinazopeleka habari kwenye ubongo zina kitovu kinachochochewa na mwanga na duara la pembeni linalozuia, au kinyume chake.

Chura ndiye aliyeifikisha hesabu hii mahali ambapo wengi hawakuitarajia. Mwaka 1959 Jerome Lettvin, Humberto Maturana, Warren McCulloch na Walter Pitts, wakifanya kazi Massachusetts, walimwekea chura picha kubwa ya rangi yenye nyasi na maua kama yanavyoonekana kutoka pale chini anapokaa, kisha wakazipima nyuzi za neva ya jicho lake. Picha nzima iliposogezwa, nyuzi za aina moja zilikaa kimya. Kitu kidogo chenye ukubwa wa nzi kilipotembezwa juu ya picha hiyo, nyuzi zilezile zikajibu kwa nguvu. Kitu hicho kilipotulizwa juu ya picha na vyote viwili vikasogezwa kwa pamoja, zikanyamaza tena. Kwa jumla walibainisha makundi manne ya nyuzi: la kwanza hushughulikia kingo zinazodumu mahali, la pili vitu vidogo vyeusi vya mviringo vinavyosogea, la tatu kingo zinazotembea, na la nne kufifia kwa mwanga kwa ghafla, kama inavyotokea kivuli cha adui kinapoanguka. Kila kundi hupeleka habari katika tabaka lake maalumu la ubongo. Chura aliyezungukwa na nzi waliokufa, wasiotikisika, atakufa njaa, kwa sababu jicho lake limekwisha kuwatoa katika hesabu.

Msemaji wa Kiswahili huona njaa, huona baridi, huona haya, na akitaka kutoa rai yake husema «naona». Lugha yetu hutumia neno lilelile kwa kupokea na kwa kuamua, nami sijui mahali ambapo mambo hayo mawili yameshikana kuliko katika retina ya chura. Haimpelekei chura picha ya nzi ili ubongo ukae na kuitafakari. Inapeleka hukumu ya awali iliyokwisha kutolewa jichoni, kwamba kilichopita pale huenda ni chakula.

Wanyama wenye ubongo mkubwa huiahirisha hukumu hiyo na kuigawa katika hatua nyingi zaidi. David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Nobeli mwaka 1981, waligundua kwamba seli nyingi katika eneo la kuona la ubongo wa paka hazijali vidoa vya mwanga. Zinajibu mstari au ukingo wenye mwinamo fulani, tena nyingine za mwinamo huu na nyingine za mwinamo ule. Seli yao ya kwanza ya namna hiyo haikujibu vidoa walivyokuwa wakimwonyesha paka, mpaka ukingo wa kipande cha kioo walichokuwa wakikiingiza kwenye projekta ulipotupa kivuli cha mstari. Baadaye walifunga jicho moja la paka mchanga katika miezi yake ya mwanzo, wakaona kwamba jicho hilo lilipofunguliwa, ingawa lenyewe lilikuwa zima, seli za ubongo zilikuwa karibu zote zimeliacha na kulifuata jicho jingine. Kazi ya kuchagua nini kibakizwe hujengwa kwa matumizi, na ina msimu wake. Nataka mzazi yeyote asomaye hapa alishike hili: mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho akicheleweshwa kufanyiwa upasuaji, lenzi ya bandia yaweza kuwekwa vizuri kabisa na bado asione sawasawa maisha yake yote, kwa kuwa kilichokosa mafunzo ni ubongo.

Wala sisi wenyewe hatuko nje ya hesabu hii. Simba ana aina mbili za seli za rangi. Binadamu, sokwe na nyani wana tatu, na ile ya ziada hututenganishia nyekundu na kijani. Mwaka 2001 Nathaniel Dominy na Peter Lucas walichapisha utafiti walioufanya katika msitu wa Kibale, Uganda, ambako walipima rangi za vyakula vilivyoliwa na nyani na jamaa zake na kuonyesha kwamba uwezo huu unafaa hasa kwa kupata majani machanga yenye wekundu, ambayo ni laini na yenye protini nyingi, kati ya majani yaliyokomaa. Rangi tunazozisifu katika kanga na katika machweo huenda tumezipata kwa sababu ya majani ya kutafuna. Kwa upande mwingine, miale ya urujuanimno, ambayo nyuki na ndege wengi huiona, lenzi yetu huizuia isifike hata kwenye retina, na hatujawahi kuhisi kwamba kuna kitu kimepungua.

Nzi hana muda wa kuahirisha hukumu. Anaruka kwa kasi, ubongo wake ni mdogo mno, na asipojua dunia inampita kuelekea wapi atajigonga. Mwaka 1956 Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt, wakichunguza mbawakawa, walipendekeza namna ambayo mdudu anaweza kuutambua mwendo kwa njia rahisi mno: ishara ya kijilenzi cha kwanza, kimoja kati ya vingi vinavyounda jicho la mdudu, hucheleweshwa kidogo, kisha huzidishwa na ishara ya kijilenzi cha jirani. Kitu kikipita kutoka kijilenzi cha kwanza kwenda cha pili, ishara iliyocheleweshwa na ile mpya hukutana na jibu huwa kubwa. Kikipita kinyume, hazikutani. Kisha jibu la upande mmoja hutolewa katika jibu la upande mwingine, na salio ndilo mwelekeo wa mwendo. Kifaa cha namna hii hakimtambui mnyama wala mti. Kinajua mabadiliko ya mwanga kwa wakati, basi.

Hapa ndipo milia ya punda inaporudi, na safari hii simba hayumo. Mwaka 2019 Tim Caro na wenzake walichapisha matokeo ya kuwatazama pange, wale nzi wakubwa wanaowauma ng'ombe na farasi, katika shamba moja nchini Uingereza lenye punda milia na farasi pamoja. Pange waliwakaribia wanyama wote kwa kiwango kilichokaribiana, lakini kwa punda milia walishindwa kutua: hawakupunguza mwendo ipasavyo walipofika karibu, wakajigonga au wakapitiliza. Farasi walipovishwa mavazi ya milia, waliotua juu ya mavazi hayo walikuwa wachache mno, huku wakiendelea kutua kama kawaida juu ya vichwa vyao ambavyo havikufunikwa. Maelezo ya kwanza yaliyovutia wengi yalikuwa kwamba mstari mrefu ukitazamwa kupitia tundu dogo, kama kila kijilenzi kinavyofanya, hautoi habari kamili ya uelekeo wake, hivyo nzi hukosea kukadiria anavyoukaribia mwili. Ni maelezo mazuri, lakini jaribio lililofuata mwaka 2020 halikuyaunga mkono: farasi waliofunikwa kitambaa chenye miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti, walikwepwa vilevile, ingawa miraba haina mistari mirefu ya kupotosha uelekeo. Naipenda hatua hiyo, kwa sababu dhana iliyopendeza iliachwa ipimwe na watu walewale walioitaka iwe kweli.

Wakati wanasayansi hao wakiendelea kubishana juu ya sababu, wengine waliuliza swali la mfugaji. Nchini Japani watafiti walichukua ng'ombe weusi sita, wakawachora milia myeupe, na kwa kulinganisha wakawachora pia milia myeusi, ambayo haionekani juu ya ngozi nyeusi, na nyakati nyingine wakawaacha bila rangi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba nzi wanaouma walipungua kwa karibu nusu kwa ng'ombe wenye milia myeupe, huku milia myeusi isipunguze chochote. Kwa hiyo harufu ya rangi haikuwa sababu. Ng'ombe sita ni wachache, na nzi wa Japani si mbung'o, lakini chokaa na rangi ni vitu vya bei ndogo, na mfugaji wa Simanjiro au wa Narok hahitaji mtambo wowote kulijaribu jambo hili chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Ningependa sana kuona vyuo vyetu vya mifugo vikilibeba.

Mbung'o anastahili kutazamwa kwa kina, kwa kuwa ndiye aliyeamua mahali pa kufugia ng'ombe na mahali pa kukimbia katika sehemu kubwa ya eneo letu, akisambaza ugonjwa wa nagana kwa mifugo na wa malale kwa watu. Huvutwa kwa nguvu na kitambaa cha buluu. Hakuna mnyama mkubwa wa buluu porini, na mtu anayewaza kwa macho yake hangeweza kukibuni kitambaa hicho kwa kufikiri tu. Angetafuta rangi ya nyati au ya ngiri. Majaribio ya miaka mingi yameonyesha kwamba mvuto wa kitambaa hupanda kadiri kinavyoakisi buluu, na hushuka kadiri kinavyoakisi urujuanimno au rangi za upande wa kijani na njano. Yaani katika mfumo wa mbung'o rangi moja huongezwa na nyingine hutolewa, kama Hartline alivyoona kwa mwanga na jirani yake. Majani ya kijani hufutika katika hesabu hiyo, na kitambaa cha buluu, kwa bahati yetu, huacha salio kubwa kuliko mnyama halisi. Akikaribia, mbung'o hutua zaidi juu ya sehemu nyeusi, ndiyo maana mitego mingi ina rangi zote mbili.

Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, ndiko ulikotokea mtego unaoitwa NGU, ulioshonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi na kutiwa mkojo wa ng'ombe na asetoni, ambavyo harufu yake humvuta mbung'o, na wafugaji wa Kimaasai walishirikishwa katika kuutengeneza na kuutunza. Lakini kipimo cha mbung'o wa nyika si kipimo cha mbung'o wa mtoni. Wale wa nyikani huhitaji kitu kikubwa chenye umbo la mnyama mkubwa, ilhali wale wa kandokando ya mito hukifuata hata kitu kidogo. Kwa kulijua hilo, kaskazini magharibi mwa Uganda vilitumika vipande vya sentimita 25 kwa 50 tu, nusu kitambaa cha buluu na nusu wavu mweusi, vyote vikiwa na dawa ya kuua wadudu, badala ya vitambaa vya upana wa mita moja na zaidi. Vilipungua uzito, vikapungua bei, na mtu mmoja aliweza kubeba vingi kandokando ya mto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondokana na malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii. Dawa na upimaji wa watu vilikuwa na sehemu yao kubwa, na vipande hivyo vidogo vilikuwa na yao. Unguja, ambako mbung'o alitokomezwa katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume yaliyotasishwa, aina iliyokuwapo haikuja vizuri kwenye mitego iliyozoeleka, ikalazimu kutumia vibao vyenye gundi ili kuihesabu. Wadudu wa jamii moja, macho yanayofanana kwa umbo, na bado kila aina ina jibu lake kwa swali la nini kihesabiwe kuwa mnyama.

Kesi inayonisumbua zaidi kwa sasa iko angani. Tumbusi aina ya Rüppell na tumbusi mgongo mweupe wamo katika kundi la spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na nchi zetu, kwa sababu nzuri, zinajenga mitambo ya upepo na njia za umeme katika maeneo wanamoruka. Watu hushangaa kusikia kwamba ndege anayeuona mzoga kutoka juu sana anaweza kugongana na mtambo mrefu kuliko minara yote ya mjini kwake. Graham Martin na wenzake walilijibu hilo mwaka 2012 kwa kupima eneo linaloonwa na macho ya tumbusi, miongoni mwao mgongo mweupe. Juu ya kichwa chake mna sehemu pana asiyoiona kabisa, ambayo huenda humkinga na jua. Na anapoinamisha kichwa kutafuta mzoga, sehemu hiyo ya upofu huelekea mbele, kule kule anakoruka.

Katika kisiwa cha Smøla, Norway, mitambo minne ilipakwa rangi nyeusi kwenye panga moja kati ya matatu, ili mapanga yanayozunguka yasigeuke kuwa ukungu usio na kingo machoni mwa ndege, na vifo vya ndege vikapungua kwa zaidi ya asilimia 70 kulinganisha na mitambo ya jirani. Matokeo hayo ya mwaka 2020 yametokana na mitambo michache, lakini yanatosha kutaka yajaribiwe kwetu, na rangi ikipakwa kabla panga halijapandishwa gharama yake ni ndogo. Hata hivyo, ningemwonya yeyote atakayedhani kwamba ndoo ya rangi itamaliza kazi Kajiado, Kenya. Rangi humfaa ndege aliyeinua kichwa. Tumbusi anayetazama chini hanalo panga hilo katika sehemu yoyote ya picha aliyo nayo, liwe jeupe au jeusi, na kwa ajili yake utaratibu uliowekwa huko katika mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto, wa watu wenye darubini wanaokaa wakitazama anga na kuamuru mtambo usimamishwe tumbusi anapokaribia, usije ukakatwa kwenye bajeti siku rangi itakapofika.